Mtaala Mpya, Mtihani Uleule

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kilosa, mkoani Morogoro. Nilitoka chuo cha ualimu mwaka 1994 na cheti cha daraja la IIIA, nikapangiwa shule ya kijijini yenye mashamba ya mkonge upande mmoja na Mto Mkondoa upande wa pili, na kazi yangu yote nimeifanya ndani ya wilaya hiyohiyo. Nimefundisha kwa mihtasari ya miaka ya 1990, kwa mtaala wa 2005 uliotufundisha kusema umahiri, kwa mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa 2015, na sasa nafundisha kwa mtaala wa 2023. Kila tulipoitwa semina tuliambiwa kwamba safari hii elimu ya kikoloni inaondoka. Naandika haya kwa sababu naamini mageuzi ya sasa yanaweza kuiondoa kweli, na kwa sababu kilichoyaangusha yale yaliyotangulia bado kipo palepale, kwenye mtihani.

Ninaposema mtihani sikusudii karatasi ya maswali tu. Nakusudia kazi ambayo shule zetu zilipewa tangu mwanzo, yaani kuchuja watu. Wajerumani walipofungua shule ya serikali Tanga miaka ya 1890 walitaka makarani na maakida wa kuwasaidia kutawala. Waingereza walipokuja wakaanzisha Shule ya Tabora kwanza kwa ajili ya watoto wa machifu. Huko ndiko alikosoma Julius Nyerere. Shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika zilitengwa, na mtoto wa Kiafrika aliwekewa mlango mwembamba kila baada ya miaka michache: mtihani wa darasa la nne, wa darasa la nane, wa darasa la kumi, na kwa wachache mno waliofika, wa darasa la kumi na mbili uliotoka Cambridge. Mkoloni alihitaji wasomi wachache, akajenga shule za kutoa wachache. Waliobaki nje ya mlango hakuna aliyewapangia chochote.

Tanganyika ilipojitawala, kitu cha kwanza kubomolewa kilikuwa ubaguzi wa rangi shuleni, na kufikia 1962 shule zilikuwa zimeunganishwa chini ya mfumo mmoja. Kisha ukaja mwaka 1967: Azimio la Arusha mwezi Februari, na mwezi Machi kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea. Watu wanaokitaja kijitabu hicho hukumbuka jembe. Mimi nilikisoma chuoni kwa ajili ya kufaulu, na nimekisoma tena ukubwani kwa ajili ya kuelewa, na kilichonishika ni mambo mawili ambayo hayatajwi sana. Mwalimu Nyerere alitaka shule ya msingi iwe elimu kamili kwa wale wote ambao hawatakwenda sekondari, ambao ndio wengi. Na alitaka mtihani upunguziwe uzito mbele ya macho ya serikali na ya umma. Aliona wazi kwamba huwezi kupata la kwanza bila la pili.

La pili halikufanyika, na jembe likabaki peke yake.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alizaliwa milima ya Uluguru na alisoma shule ya kati miaka ya 1950. Wakati huo Waingereza walikuwa wamejaza kilimo katika shule za kati, na nje ya shule walikuwa wakiwalazimisha watu wazima kulima matuta mlimani, jambo lililowafanya Waluguru waandamane kwa hasira mwaka 1955. Baba hakuwahi kuusahau uhusiano wa mambo hayo mawili. Alisema, "Mwanangu, sisi tulilimishwa shuleni ili tusiombe kazi za ofisini." Basi serikali yetu wenyewe ilipokuja na shamba la shule, kwa nia tofauti kabisa, wazee wa rika lake walitazama watoto wakienda na majembe wakaona jambo walilokwisha kuliona. Serikali iliamini inawapa watoto heshima ya kazi, lakini wazazi walikuwa na swali moja tu, nalo lilikuwa la haki: wanaochaguliwa kwenda sekondari wanachaguliwa kwa kulima?

Hawakuchaguliwa kwa kulima. Walichaguliwa kwa Hisabati, Maarifa na Lugha, katika chumba kilichofungwa, mwisho wa darasa la saba. Nilipoanza kazi, ratiba yetu bado ilikuwa na kipindi cha EK, yaani Elimu ya Kujitegemea, na shule ilikuwa na ekari kadhaa za mahindi. Hapakuwa na mwalimu aliyeandika andalio la somo kwa ajili ya shamba hilo. Hatukupima mbegu wala hatukuhesabu mavuno pamoja na watoto. Mahindi yaliuzwa, fedha ikanunua chaki na ikalipia usafiri wa mwalimu mkuu kufuata mishahara yetu mjini, na mtoto aliyechelewa namba aliadhibiwa kwa kulima zaidi. Wazo kubwa kuliko yote katika historia ya elimu ya nchi hii lilifika darasani kwetu likiwa adhabu. Walimu tuliokuwepo hatukuwa wavivu wala wapinzani wa serikali. Tulijua tutaulizwa jambo moja tu mwezi wa kumi na mbili: wangapi wamechaguliwa? Mwaka mmoja walichaguliwa watoto watano katika darasa zima, na kijiji kikatushukuru.

Naomba nimtaje mtu mwingine, bila jina lake, kwa kuwa kizazi chake kimedharauliwa kupita kiasi. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba kila mtoto awe shuleni kufikia 1977. Walimu hawakuwapo, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa maelfu, wakafundishwa ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na redio na wakufunzi waliowatembelea. Waliitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, na jina hilo likageuka tusi. Nilipofika kituo changu cha kwanza nilikabidhiwa darasa la kwanza pamoja na mzee mmoja wa UPE. Alikuwa na gunia la vizibo vya soda, vijiti vya mkonge na vipande vya maboksi alivyoviandikia silabi. Mtoto aligusa, akapanga, akatamka, akabomoa, akapanga tena. "Mwanangu," aliniambia, "usimwite mtoto mzito kabla hujampa kitu cha kushika." Darasa lake lilikuwa na watoto zaidi ya themanini, na kufikia Oktoba waliokuwa hawajui kusoma ulikuwa ukiwahesabu kwa vidole. Chuo changu cha miaka miwili hakikunipa hata robo ya alichonipa mzee yule kwa muhula mmoja.

Nimemtaja kwa sababu nataka ieleweke kwamba ujuzi wa kufundisha kwa kutenda, ambao mtaala wa 2005 ulituletea kama jambo jipya, ulikuwepo katika shule zetu, kwa watu wenye vyeti vidogo. Lakini mzee yule alifundisha darasa la kwanza na la pili, mbali na mtihani. Hakuna aliyempangia idadi ya kufaulisha. Alikuwa huru, na uhuru huo ndio uliomwezesha kufundisha. Sisi wa darasa la sita na la saba hatukuwa nao.

Mwaka 2002 ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ada ilikuwa imefutwa na watoto walikuja kwa wingi usiowahi kuonekana. Waliandikishwa darasa la kwanza wakiwa na miaka saba, tisa, kumi na mbili. Wanakijiji walichoma matofali, serikali ikaleta mabati, tukafundisha kwa zamu za asubuhi na mchana. Sitawahi kukubali mtu akisema mpango ule ulikuwa kosa. Wapo watu wazima leo wanaosoma ujumbe wa simu na kutia saini mkataba wa ardhi kwa sababu mlango ulifunguliwa mwaka ule. Ila ndani ya mlango, miaka michache baadaye, mtoto wa darasa la kwanza alikutana na orodha ndefu ya masomo, Haiba na Michezo, Stadi za Kazi, Sayansi na mengine, kabla hajajua kuunganisha *ba* na *ta*. Ripoti za Uwezo, utafiti wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto, zilizoanza kutoka mwaka 2010 zilionyesha watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2012 taifa likasikia kwamba maelfu ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawajui kusoma wala kuandika. Kwa hiyo hata kile kilichodaiwa kuwa sifa ya mtihani, kwamba unachuja vizuri, hakikuwa kweli.

Mwaka huohuo wa 2012 ndipo mtihani wa darasa la saba ulipoanza kufanywa kwa fomu za kusiliba. Mtoto anapewa majibu, anachagua herufi, anaijaza kwa penseli, mashine inasahihisha. Naelewa kwa nini ilifanywa hivyo. Watahiniwa ni wengi mno, na mashine haina ndugu wa kumpendelea. Lakini mwalimu anafundisha kile kinachoulizwa kwa namna kinavyoulizwa. Insha ilififia. Hesabu ya kuonyesha njia ikafifia. Madarasa ya saba nchini yaliingia kambi za kitaaluma, watoto wakilala shuleni, wakifanya mitihani iliyopita kuanzia alfajiri, na nimeona shule ambako mtoto wa miaka kumi na tatu alifundishwa namna ya kukisia kwa hekima: ukiona majibu mawili yanayofanana, jibu ni moja kati ya hayo. Huyo alikuwa akiandaliwa kuishi katika nchi huru.

Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yaliyotangazwa mapema 2013, yalionyesha zaidi ya nusu ya watahiniwa wamepata sifuri. Nchi ililia, Waziri Mkuu akaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Watu walilaumiana huko sekondari. Sisi wa msingi tuliwajua watoto wale kwa majina. Tulijua walivyosoma wakiwa kwetu, na tulijua walivyonyamaza siku walipovuka.

Hapa lazima niseme kuhusu suala la lugha, kwa ufupi, maana waliolisema kwa kina ni wengi. Mtoto wetu anasoma kila kitu kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha Januari moja anaingia darasa ambako Fizikia, Historia na Jiografia vyote vinasemwa kwa Kiingereza, baada ya kozi ya wiki chache. Nimewatembelea wanafunzi wangu sekondari ya kata. Binti aliyekuwa akinibishia darasani, akisimama na kuniambia, "Hapana mwalimu, mbona maji ya kisima hayawi hivyo," nilimkuta amekaa nyuma, ananakili ubao. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ilikataa. Sera ya elimu ya 2014 ilifungua tena mlango huo, na toleo lake la 2023 limeacha Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia sekondari, huku likileta Kiingereza kama somo kuanzia darasa la kwanza. Nafundisha somo hilo kwa moyo wote, na watoto wanalipenda. Lakini msimamo wangu ni ule wa Makweta. Kuvuka lugha na kuvuka mtihani ni mchujo mmoja wenye hatua mbili, na hatua ya pili ndiyo inayowaangamiza wale walioponea ya kwanza.

Sasa nije kwenye mageuzi yenyewe. Januari 2024 nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na darasa la tatu lilikuwa miongoni mwa madarasa yaliyoanza mtaala mpya, pamoja na elimu ya awali, darasa la kwanza, na kidato cha kwanza cha mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi. Tulianza na muhtasari mkononi na vitabu vikiwa bado njiani. Watoto walikuwa zaidi ya mia katika mkondo mmoja, wakati kiwango kinachotakiwa ni 45. Nasema hivi ili mtu asidhani ninayoyasifu yalitokea katika shule ya mfano.

Katika somo la Jiografia na Mazingira tulifika kwenye ramani. Niliwagawa watoto katika makundi, tukatoka nje, tukachora kata yetu ardhini kwa fimbo: reli, soko, zahanati, barabara ya mkonge, na Mto Mkondoa. Mto huo una historia ya mafuriko, na familia nyingi hapa zimepoteza nyumba. Kundi moja lilibishana kuhusu mahali mto unapopita. Mvulana mmoja, mtoto wa mchunga ng'ombe, ambaye katika kusoma bado alikuwa akisuasua, alifuta mstari wa wenzake akachora mto ukiwa na mikono miwili. "Huu ni mto wa sasa," alisema, "na hapa ndipo babu anasema ulipita zamani. Wale walijenga kwenye njia yake, ndiyo maana ukarudi." Wenzake wakaanza kuweka mawe mahali nyumba zilipokuwa. Mtoto mwingine akauliza kwa nini shule haikujengwa kule juu. Tulikaa pale vipindi viwili, nikaazima na cha tatu. Walijifunza dira, umbali, mteremko na sababu za mafuriko, na walijifunza kwamba mzee asiyejua kusoma ni chanzo cha maarifa. Hicho ndicho mtaala huu unachokitaka. Umeandikwa vizuri, nausifu bila kusita.

Mwisho wa muhula uliletwa mtihani wa pamoja wa shule nyingi. Kuhusu ramani kulikuwa na swali moja: mchoro wa eneo unaoonyesha vitu kama vinavyoonekana kutoka juu huitwaje, na majibu manne ya kuchagua. Yule mvulana alipata alama moja. Mtoto ambaye wiki ile yote hakuwepo shuleni, alikuwa akimuuguza mdogo wake, naye alipata alama moja. Karatasi haikuweza kuwatofautisha. Muhula uliofuata mwalimu mwenzangu aliniuliza, kwa nia njema kabisa, kama nina haja ya kupoteza vipindi vitatu uwanjani kwa ajili ya alama moja. Sikuweza kumlaumu. Alikuwa akisema kile ambacho mfumo umemfundisha tangu 2005, kwamba semina inataka umahiri na mkoa unataka asilimia.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba hakuna njia nyingine, kwa sababu walimu wakiachiwa wapime wenyewe watawapa watoto wao alama za bure. Hoja hiyo ina uzito, na ina historia. Baada ya Azimio la Musoma, kuanzia 1976, kazi za kila siku zilianza kuhesabiwa katika matokeo ya kidato cha nne, na tabia na kazi za mikono zikatakiwa kupimwa. Kwa wenye kukumbuka, alama hizo za shuleni zilipanda hadi zikapoteza maana, kwa sababu kila shule ilijipima peke yake na hakuna aliyelinganisha. Ila kilichokosekana pale ni kulinganisha. Kuaminiana kwa walimu kunajengwa kwa kazi, na kazi hiyo tumekwisha kuianza.

Kupitia MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, kila shule ina jumuiya ya kujifunza, na shule jirani hukutana katika klasta. Mikutano mingi huishia kusomeana miongozo. Yetu ilikuwa hivyo pia hadi afisa elimu kata wetu, mama mwenye ukali wa haki, alipotuambia kila mwalimu wa darasa la tatu aje na daftari za watoto watano: mmoja mwepesi, mmoja mzito na watatu wa katikati, zikiwa zimefunikwa majina. Tuliziweka mezani, kila mmoja akasahihisha kazi ya shule nyingine bila kuandika alama juu yake, kisha tukataja alama kwa sauti. Kazi moja ya kuandika habari ya tukio ilipewa 4 na mwalimu mmoja, 9 na mwingine. Tukaanza kubishana. Huyu aliyetoa 4 alihesabu makosa ya tahajia. Yule wa 9 alisoma habari yenyewe, jinsi mtoto alivyoeleza mbuzi wao alivyoibwa, nani alisikia mlio, nani alifika kwanza. Tulibishana hadi jua likapungua, na tukakubaliana kuandika kwa Kiswahili cha kawaida mambo manne tutakayoyatazama katika kazi ya namna ile. Mkutano uliofuata tofauti zetu zilikuwa zimepungua sana. Ulipofika wa muhula wa pili, mwalimu aliyekuja na alama za bure aliona aibu mwenyewe, kwa sababu daftari lilikuwa mezani mbele ya wenzake.

Katika kazi yangu yote hakuna mafunzo yaliyonibadilisha kama hayo ya daftari. Hayakuhitaji ukumbi wala posho ya kulala. Yalihitaji muda, na mtu mwenye mamlaka aliyeamini kwamba walimu tunaweza kupima. Tulijifunza kusoma kazi ya mtoto, jambo ambalo mwalimu anayeandaa watoto kwa fomu za kusiliba hana sababu ya kulijua. Na tulipojua kupima, tulijua pia tufundishe nini kesho yake. Sera mpya inataka mwalimu wa msingi awe na stashahada badala ya cheti. Naunga mkono, mradi stashahada hiyo ipite mezani penye daftari za watoto halisi.

Wazazi nao wameanza kuuliza maswali, na maswali yao ni mazito. Baba mmoja alinifuata nyumbani, akakaa, akakataa hata chai. "Mwalimu, mwanangu akipelekwa amali, ina maana amefeli?" Nikamwambia hapana, amali ni mkondo wenye hadhi yake, mtoto atasoma masomo ya jumla na fani pia. Akauliza, "Mtoto wa mkurugenzi atasoma amali?" Mtu huyu hakuwahi kusikia habari za matuta ya Uluguru wala za shule za kati, lakini alikuwa akiuliza swali la baba yangu. Jibu lake halitatoka kwenye semina wala kwenye hotuba ya mwalimu. Ikiwa mkondo wa amali utajengwa vijijini kwa karakana zisizo na umeme huku shule zinazosifika zikibaki na mkondo wa jumla, wananchi watausoma mfumo huo sawasawa na watajua ni wa nani. Ikiwa mtoto wa amali atafika chuo kikuu na kuonekana amefika, hakuna atakayehitaji kuhamasishwa.

Yapo mambo yaliyokwisha kufanyika ambayo napenda yatambuliwe. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora. Wengine waliona ni jambo dogo. Kwetu lilikuwa pumzi, kwa kuwa orodha ile ilikuwa ikiwafanya wakuu wa shule kuwakwepa watoto wazito. Mwishoni mwa 2021 serikali iliruhusu binti aliyejifungua arudi shuleni, na nimempokea mmoja aliyerudi. Na sera ya sasa inasema elimu ya lazima ni miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Ukiisoma sentensi hiyo pamoja na kijitabu cha 1967 utaona kwamba kwa mara ya kwanza tangu Tanga ya Wajerumani, nchi imetamka kwamba hakuna wa kuachwa mlangoni mwisho wa shule ya msingi. Kisera, mtihani wa kuchuja hauna tena kazi ya kufanya. Unaendelea kwa mazoea.

Mazoea hayo ndiyo ninayoyaogopa. Bado mikoa inashindanishwa kwa asilimia za ufaulu. Bado kuna kambi. Bado mwalimu mkuu anaitwa kujieleza mbele ya kikao kwa sababu ya namba, na sijawahi kusikia aliyeitwa kujieleza kwa sababu watoto wake hawajatoka nje kuchora ramani. Watunga mitaala wamefanya kazi yao. Ambao hawajafanya ni wanaoamua mwalimu apongezwe au akaripiwe kwa lipi.

Watoto wale walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo watamaliza pia wale wa darasa la saba wa mtaala wa zamani, na Januari 2028 makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Kutakuwa na shinikizo kubwa la kurudi kwenye mchujo kwa kisingizio cha uhaba wa madarasa. Nawaomba wenye dhamana waanze kujenga sasa, na wasisubiri 2027 kuamua upimaji wa mwisho wa shule ya msingi utafananaje. Wachukue daftari za klasta chache, za mijini na za vijijini, wakae na walimu wa darasa la tano na la sita, waone tunavyolinganisha, na wahesabu kazi hizo katika matokeo ya mtoto. Nanyi walimu wenzangu mnaoshika madarasa hayo, tunzeni kazi za watoto wenu. Msizichome mwisho wa mwaka. Zitahitajika kuwa ushahidi.